WINO NA KARATASI INAYONG'AA: KISA CHA PICHA ZA MZEE WETU

(Maneno aliyoyasema mfanyakazi mmoja wa reli mbele ya wanachama wa tawi, katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.)



Mimi si msemaji. Kazi yangu ni kukagua mabehewa katika yadi ya reli, na masomo yangu yaliishia darasa la nane katika shule ya msingi ya misheni. Basi nikikosea lugha mtanisamehe. Lakini kamati imenitaka nisimame leo nieleze jambo ambalo limetia fitina katika tawi letu kwa muda wa miezi mitano, nami nimekubali kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa wale waliokosa. Jambo lenyewe ni wino, na karatasi ya picha inayong'aa.

Najua wako wanaosema moyoni, "Tumekuja kusikia habari za mishahara, na huyu anatuletea habari za wino." Nawaomba subira. Kabla sijakaa mtaona ya kuwa habari hii ni ya haki ya mfanyakazi, na mfanyakazi huyo ni mmoja wetu.

YALIYOTUKIA

Wote mnakumbuka tulipofiwa na mzee wetu, yule aliyefanya kazi ya kuunganisha mabehewa miaka mingi, na akawa mwanachama tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Tulichanga pesa, kama ilivyo desturi yetu. Tena tukakata shauri kwamba tawi lichape picha 40 za marehemu, apewe mjane wake, wapewe watoto wake na ndugu waliotoka mbali, ili wawe na ukumbusho. Picha yenyewe ilikuwa nzuri: mzee amesimama mbele ya behewa, amevaa koti lake jeusi, anacheka.

Kijana mmoja wa kiwandani, mwanachama mwenzetu, akajitolea kuzichapa kwa mashine ya tawi, ile printa ndogo yenye matangi manne ya wino. Alipewa pesa za karatasi, akaenda mjini, akanunua karatasi nzuri inayong'aa kama kioo, akachapa usiku kucha. Asubuhi akazileta matangani zimefungwa kwa uzi.

Zilipofunguliwa, kila mtu alisema "Aa!" kwa namna zilivyopendeza. Uso ulikuwa uso wake kabisa. Lakini mama akapokea ya kwanza, akailaza mapajani, machozi yakamdondoka juu yake, naye akaifuta kwa upindo wa kanga yake. Koti la mzee likaondoka likaingia katika kanga. Pakabaki waa jeusi kutoka shingoni mpaka kwenye mkono, na kidole kimoja cheusi juu ya shavu. Tukatazama zile nyingine. Zilikuwa zimelaliana, na weusi wa moja umeshika mgongoni mwa nyingine. Kila aliyezigusa aliondoka na masizi mikononi.

Ndugu zangu, aibu ile hamkuisahau, wala mimi sikuisahau. Mkutano uliofuata, maneno yalikuwa makali. Mmoja akasema kijana amenunua karatasi ya bandia. Mwingine akasema amenunua ya bei rahisi, na pesa zilizobaki amekula. Yeye akatoa risiti, nasi tukasema risiti hata duka la vibanda huandika. Nani alisema hivyo? Mimi. Kwa kinywa changu mwenyewe. Kijana akaondolewa katika kamati ndogo ya vijana, na tangu siku ile hakurudi mkutanoni.

CHAKI UBAONI NA CHAKI KIOONI

Sasa nitawaeleza niliyojifunza baadaye. Aliyenifundisha ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupiga chapa katika kiwanda kimoja cha hapa Industrial Area, na sasa amestaafu. Nilimwonyesha picha moja iliyoharibika. Hakuniuliza karatasi ilinunuliwa wapi. Aliuliza, "Wino wenu mweusi ni wa namna gani?" Nikamjibu kwamba wino ni wino. Akacheka, akaniambia nikae kitini.

Wino wa printa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka katika maji, kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Ukichungulia humuoni sukari tena. Imekuwa kitu kimoja na maji. Mafundi huuita wino wa dai. Wa pili haukuyeyuka. Ni unga mwembamba mno unaoelea ndani ya maji, kama unga wa wimbi katika uji kabla haujachemka. Mafundi huuita pigimenti. Chembe zake ni ndogo kupita fikira. Upana wa chembe moja ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Lakini hata zikiwa ndogo namna hiyo, bado ni chembe, bado ni vitu vigumu. Unga wa pigimenti nyeusi ni kaboni, ndugu yake yale masizi ambayo wazee wetu wa injini za mvuke waliyajua sana puani na kolani.

Basi nikakumbuka shuleni. Mwalimu wetu aliandika ubaoni kwa chaki, na maneno yalikaa mpaka kesho yake. Siku moja mvulana mmoja akaandika kwa chaki hiyo hiyo juu ya kioo cha dirisha. Upepo na mkono vikapita mara moja, maneno yakaisha. Chaki ilikuwa ni ile ile. Ubao una mikwaruzo inayoshika unga, kioo hakina. Huo ndio msingi wa habari yote, na mkisahau mengine, shikeni hilo.

Hata katika kazi yangu ni hivyo. Mtu akitaka kupaka namba katika behewa, kwanza husugua kutu na kufuta grisi. Akipaka rangi juu ya grisi, mvua ya kwanza itaiondoa, hata kama rangi ni ya bei kubwa kuliko zote. Hakuna rangi nzuri peke yake. Iko rangi inayopatana na mahali pake.

KARATASI HIYO IMETENGENEZWAJE

Karatasi ya kawaida, kama hii inayotumika kwa barua na kwa gazeti letu, ni nyuzi za miti zilizoshikana. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaona ni kama mkeka uliosukwa vibaya. Wino wa pigimenti ukidondoka hapo, maji yanashuka ndani na chembe zinanaswa juu katikati ya nyuzi. Ndiyo maana herufi zake ni nyeusi sana na hazitawanyiki, na ndiyo sababu watengenezaji wa printa nyingi za ofisini hutia pigimenti katika tangi jeusi: ni kwa ajili ya kuandika barua.

Karatasi ya picha inayong'aa ni kitu kingine. Mara nyingi ina karatasi katikati, imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili ili isijikunje kwa maji. Juu ya plastiki, upande mmoja, hupakwa tabaka la kupokea wino. Tabaka hilo nalo ni la namna mbili.

Namna ya kwanza ni kama gelatini, yaani kama gundi. Likipata maji huvimba, rangi iliyoyeyuka huzama ndani, kisha likikauka hujifunga juu yake. Kwa wino wa dai linafaa. Kwa pigimenti ni mlango uliofungwa: chembe haziwezi kupenya, zinakaa juu kama vumbi juu ya meza, zikisubiri kidole.

Namna ya pili lina vitundu vidogo mno, kama sifongo kavu. Limetengenezwa kwa unga wa silika au wa alumina. Maji hunyonywa mara moja, na picha hutoka mashineni ikiwa kavu. Hili laweza kupokea wino wa namna zote mbili, lakini sikilizeni vizuri: hata hapa chembe za pigimenti haziingii ndani. Vitundu ni vidogo kuliko chembe. Maji yanashuka, chembe zinabaki juu. Kinachozishika zisiondoke ni utomvu uliochanganywa katika wino, unaozigandisha pamoja na kuzibandika chini. Wino wa pigimenti uliotengenezwa kwa ajili ya picha una utomvu huo wa kutosha. Wino mweusi wa barua hauna, kwa kuwa haukukusudiwa kukaa juu ya kitu laini. Ulikusudiwa kunaswa na nyuzi.

Wenye printa kubwa za picha wanalijua jambo hili. Printa nyingine hubeba pigimenti nyeusi mbili: moja ya karatasi inayong'aa, na moja ya karatasi isiyong'aa. Fundi akikosea akatia ile ya pili juu ya karatasi inayong'aa, picha itamfutikia mikononi, kama ilivyotufutikia sisi.

WAZEE WALILIJUA HILI ZAMANI

Wako hapa wazee waliozungusha mashine ya stensili. Wino wa stensili ni unga katika mafuta. Haukauki upesi kwa hewa, bali hunyonywa na karatasi. Kwa hiyo karatasi yake ilikuwa ya kukwaruza kidogo, ya kunywa wino. Kama ungalitia karatasi inayong'aa, kila ukurasa ungalipaka masizi ukurasa wa juu yake. Wazee, si kweli? (Wazee wakajibu: Kweli kabisa!) Mashine mpya za Riso zinafuata kanuni hiyo hiyo. Basi elimu hii ilikuwamo ndani ya chama, ila hatukuwauliza wenye nayo. Tulikuwa na haraka ya kumhukumu kijana.

Tena chama cha wafanyakazi na wino ni watu wa nyumba moja. Makhan Singh, aliyefika Nairobi mwaka 1927, alifanya kazi katika mtambo wa chapa wa baba yake kabla hajajulikana kwa kazi ya vyama. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu. Na ni katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, ndipo Makhan Singh alipodai mbele ya mkutano uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Mtu aliyekulia kwenye chapa alijua ya kuwa neno likichapwa vibaya linapotea. Picha nayo ni vivyo hivyo.

SASA KOSA LETU LILIKUWA WAPI?

Printa ya tawi ina pigimenti katika tangi jeusi, na dai katika matangi matatu ya rangi: samawati, majenta na manjano. Kabla ya kuchapa, kompyuta huuliza: karatasi ni ya aina gani? Ukijibu kwamba ni karatasi ya picha, mashine huliacha lile tangi jeusi. Huchanganya zile rangi tatu za dai na kufanya weusi kwa hizo, na weusi huo huzama katika karatasi na kukauka. Ukijibu kwamba ni karatasi ya kawaida, au usijibu neno, mashine huamini unaandika barua. Itatoa weusi wa pigimenti na kuumwaga juu ya karatasi inayong'aa.

Kijana wetu hakujibu swali lile. Mashine ilikuwa imeachwa na mwandishi wa tawi katika karatasi ya kawaida, kwa sababu siku zote tunaandikia barua. Hakuna aliyemwonyesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba swali hilo lipo. Ndiyo maana uso wa mzee ulikauka vizuri, kwa kuwa ulikuwa wa dai, na koti lake likabaki masizi, kwa kuwa lilikuwa la pigimenti. Karatasi ilikuwa nzuri. Risiti ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyekula senti.

Sikuridhika kwa maneno tu. Nilimwendea kijana kwenye lango la kiwanda anakofanya kazi, saa ya kutoka. Hakutaka kunisikiliza, na sikumlaumu. Nilimwomba radhi pale pale barabarani mbele ya wenzake. Tukaja ofisini pamoja na yule mzee wa chapa. Zilikuwa zimebaki karatasi chache katika pakiti ile ile. Tukachapa picha ya mzee mara mbili: mara ya kwanza mashine ikiwa katika karatasi ya kawaida, mara ya pili katika karatasi ya picha. Tukaziacha mezani mpaka kesho yake, mbalimbali, zisigusane. Kisha tukazifuta zote mbili kwa kitambaa kimoja chenye umajimaji kidogo.

Hizi hapa. Naomba zipite mkono kwa mkono. Ile yenye namba 1 nyuma ndiyo ya kwanza, nayo imeharibika. Namba 2 ndiyo ya pili. Mashine moja, karatasi moja, mtu mmoja, siku moja. Jaribuni kwa vidole vyenu.

(Hapa picha mbili zilipitishwa ukumbini. Palikuwa na kimya kirefu.)

JE, PIGIMENTI NI MBAYA?

La. Mtu asitoke hapa akisema pigimenti ni sumu. Ina sifa kubwa. Chembe ngumu hustahimili jua na hewa kuliko rangi iliyoyeyuka. Mwanga na gesi huila chembe kwa nje polepole, lakini rangi iliyoyeyuka huliwa yote kwa pamoja.

Mwaka 2000 kampuni ya Epson ya Japani ilikuwa ikiuza printa za picha zenye wino wa dai. Watu wakachapa juu ya karatasi yake inayong'aa, wakazitundika ukutani. Kwa baadhi yao, baada ya wiki chache tu, picha zikageuka rangi ya chungwa. Jua halikuwa kosa peke yake. Ilikuwa hewa: gesi ya ozoni ilipita katika vile vitundu vya karatasi ikaila rangi ya samawati, zikabaki nyekundu na manjano. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilileta printa ya picha yenye pigimenti katika rangi zote, kwa wale wanaotaka picha idumu.

Nasi tunaishi wapi? Tunaishi penye moshi wa malori na viwanda, na katika vyumba ambamo jiko liko hatua tatu kutoka kwenye picha ya harusi. Picha ya dai isiyo na kioo, katika chumba kama hicho, haina maisha marefu. Ukiitia katika fremu yenye kioo umeizuilia hewa, nayo itaishi zaidi. Ukipata picha ya pigimenti iliyochapwa kwa wino wa picha juu ya karatasi yake, hiyo ndiyo ya kuwaachia wajukuu.

Lakini hata hiyo ya pigimenti ina tabia zake juu ya karatasi inayong'aa, nanyi mzijue msije mkagombana na fundi bure. Kwanza, mng'ao hauwi sawa: mahali peupe pasipo wino panang'aa sana, na penye wino mwingi panafifia. Ukiinamisha picha utaiona ina viraka. Pili, weusi ukiutazama kwa upande waweza kuonekana kama shaba. Printa nyingine zina tangi la majimaji yasiyo na rangi, yanayopakwa juu ya picha yote ili mng'ao uwe mmoja. Tatu, chembe zikiwa juu, ukucha huweza kuzikwaruza hata baada ya kukauka. Kwa hiyo nayo ifunikwe kwa kioo, au ichapwe juu ya karatasi yenye mng'ao wa kadiri, ambayo huficha aibu hizo.

Zile picha za weusi na weupe za baba zetu, zilizopigwa studio, hazikuwa za wino kabisa. Ni chembe za fedha ndani ya gelatini. Chembe zimo ndani, hazikukaa juu. Ndiyo maana twaweza kuzishika leo baada ya miaka 60 na bado koti ni jeusi.

MAMBO YA KUSHIKA

Yule mzee aliniandikia mambo machache, nami nayasoma kama alivyoyasema.

1. Kabla ya kuchapa, ijibu mashine aina ya karatasi. Usipite swali hilo.

2. Jua tangi lako lina nini. Imeandikwa katika chupa ya wino. Usichanganye dai na pigimenti katika tangi moja. Vitagandana na kuziba vitundu vya mashine, na matengenezo ni pesa nyingi.

3. Ukinunua karatasi inayong'aa, soma pakiti kama inakubali pigimenti. Isipoandikwa, ifikirie kwamba ni ya dai tu.

4. Chapa upande unaopokea wino. Ukiwa na shaka, lowesha kidole kidogo uguse pembe: upande unaonata ndio wenyewe. Upande wa nyuma wino utasimama kama matone ya mvua juu ya jani la mgomba.

5. Chapa moja kwanza. Ingoje. Ipanguse pembeni. Ikishika, ndipo uchape 40.

6. Usizilaze moja juu ya nyingine siku ya kwanza. Zipe usiku mzima na hewa.

7. Usitie karatasi ya picha ya wino katika mashine ya leza. Mashine ile ina rola ya moto, na plastiki ya karatasi itayeyukia ndani.

8. Ukichapisha picha dukani mjini, muulize mwenye duka wino na karatasi kabla ya kulipa, kisha ijaribu kwa kidole mbele yake.

Naongeza la tisa, na hili ni langu. Mwenzetu akiumia kazini, twapiga picha ya jeraha na ya mashine isiyo na kinga, tuiweke katika faili kwa ajili ya madai chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Faili hukaa kabatini, na madai huweza kuchukua muda mrefu. Siku ya kuifungua, picha iliyogandamana na karatasi ya jirani yake haitamsaidia mtu. Basi ile ya kwenye simu itunzwe, tena mahali pawili, na ya karatasi ichapwe kwa utaratibu huu. Picha ya mfanyakazi aliyekatwa kidole isipotee kwa sababu tulichapa kama barua.

NENO LA MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mwisho. Kila siku tunapigana na waajiri tukisema: asifukuzwe mtu kabla ya kusikilizwa, asihukumiwe mtu kwa kudhaniwa. Meneja akimfukuza kijana kwa sababu mtambo umeharibika mikononi mwake, sisi huuliza kwanza: alifundishwa? Nani aliuacha mtambo vile? Mmechunguza? Lakini alipokuwa mbele yetu mtoto wetu wenyewe, hatukuuliza hata moja. Tulimfanyia yale tunayoyakataa kwa wengine. Wino ulikuwa juu ya karatasi, na sisi tukaupaka juu ya jina lake.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mambo matatu. La kwanza, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kwamba kijana huyu hakuiba wala hakudanganya, na maneno niliyoyasema mimi yaandikwe kuwa yalikuwa ya uongo. La pili, arudishiwe nafasi yake katika kamati ndogo ya vijana, na yeye ndiye akabidhiwe mashine, kwa maana sasa hakuna anayeijua kuliko yeye. La tatu, picha za mzee zichapwe upya, na gharama nitaitoa mimi pamoja na wale wawili waliosema pamoja nami, nao wamekubali.

Mama mjane yuko Makongeni. Bado ameitunza ile picha iliyofutika, kwa sababu hana nyingine. Jumapili tutakwenda kumpelekea mpya, imekauka, iko ndani ya kioo. Naomba asiibebe mwenyekiti wala nisiibebe mimi. Aibebe kijana, aiweke mkononi mwa mama yeye mwenyewe.

 Umoja ni nguvu.

(Mambo yote matatu yalipitishwa kwa mikono iliyoinuliwa, hakuna aliyepinga. Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliombwa aje mbele, akaja.)